Umetoka MySQL, umeingia PostgreSQL: dalili, chanzo na dawa zake

Mwongozo huu ni wa mtengeneza programu aliyekula miaka na hifadhidata ya MySQL, na sasa kazi mpya imemkuta na nyengine, PostgreSQL. Hapa visiwani wengi wetu tulianzia MySQL kwa sababu ndiyo iliyokuja pamoja na PHP kwenye kila hosti ya bei nafuu. Sitafundisha SELECT wala JOIN, hayo unayajua. Kinachomkwamisha mzoefu ni yale ambayo injini ya zamani ilikuwa ikimfanyia kimyakimya, naye akayahesabu kuwa ni tabia ya hifadhidata zote. Kwa hiyo kwenye kila dalili hapa chini jiulize kwanza: MySQL ilikuwa ikinisaidia nini hapa bila ya mimi kuomba? Mara nyingi jibu lake ndilo chanzo.

Mifano nimeijenga juu ya mfumo mdogo wa kununulia mwani. Una jedwali la wakulima, la mizani (yaani kila upimaji wa mwani) na la malipo. Karani mmoja yuko Jambiani, mwengine Paje, mwengine Tumbe kule Pemba, na seva ni moja, iko mjini.

Kabla hujagusa chochote, jua logi zako (mafaili ya kumbukumbu za seva) ziko wapi. Kwenye Ubuntu na Debian ziko /var/log/postgresql. Ujumbe wa makosa wa PostgreSQL umeandikwa kwa uangalifu mkubwa, mara nyingi una mstari wa pili wa HINT unaokupa dawa yenyewe, na programu nyingi huutupa mstari huo kabla haujakufikia. Usome kwenye logi.

Nenosiri ni sahihi, lakini mlango haufunguki

Ujumbe ni "Peer authentication failed for user". PostgreSQL kabla ya yote husoma faili la pg_hba.conf kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza unaolingana na muunganisho wako ndio unaohukumu, na ukikukataa, iliyo chini yake haisomwi tena. Kwenye Ubuntu na Debian, mstari wa miunganisho ya ndani ya mashine umewekwa `peer`: nenosiri haliulizwi kabisa, linaangaliwa jina la mtumiaji wa Linux kama linafanana na la hifadhidata. Ndiyo maana unaweza kubadilisha nenosiri mpaka usiku ukuingilie, na usipate kitu.

Ukitumia psql, programu ya kuandikia amri, pitia njia ya mtandao, `psql -h localhost -U mwani_app mwani`, au badilisha mstari ule uwe `scram-sha-256`, kisha `SELECT pg_reload_conf();`. Usiandike `trust`, yaani kumwamini kila mtu bila kumuuliza, ili "kwanza ifanye kazi". Maneno hayo husahaulika, na seva hubaki wazi.

Ukishaingia ukakutana na "permission denied for schema public" unapounda jedwali, ujue uko kwenye toleo la 15 la mwaka 2022 au la baadaye. Tangu hapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuunda vitu kwenye skima (kigawanyo cha majedwali) ya public. Mpe programu umiliki wa hifadhidata yake: `ALTER DATABASE mwani OWNER TO mwani_app;`.

Jedwali unaliona kwa macho, yeye anasema halipo

"relation "wakulima" does not exist", na ukipiga `\dt`, amri ya kuorodhesha majedwali, unaliona limekaa pale, limeandikwa Wakulima kwa W kubwa. Jina lisilo na alama za kunukuu PostgreSQL hulishusha lote kuwa herufi ndogo. Chombo kilichohamisha data yako kiliunda jedwali kwa kulifunga ndani ya alama mbili za kunukuu, kwa hiyo W ikabaki kubwa, na sasa utalazimika kuandika "Wakulima" na alama zake kila mahali. Libadilishe jina leo hii, majedwali yote na kolamu zote ziwe herufi ndogo na mstari wa chini baina ya maneno. Ukiliacha litakufuata mpaka siku unayostaafu.

Ndugu yake ni huyu: `WHERE kijiji = "Paje"` inaleta "column "Paje" does not exist". Alama mbili za kunukuu hapa ni za majina ya vitu. Maandishi hukaa ndani ya alama moja moja: `'Paje'`. Zile alama za kuegemea nyuma za MySQL hazijulikani kabisa huku.

Utafutaji unarudisha watu wachache kuliko zamani

Karani anakupigia simu: "Kaka, bibi huyu nimemsajili mwenyewe mwezi uliopita, leo mashine yasema hayumo." Kadi yake imeandikwa JM-0412, karani ameandika jm-0412. MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na mipangilio yake mingi ya zamani ilikuwa ikipuuza hata nafasi iliyobaki mwisho wa neno. PostgreSQL inalinganisha kama ilivyoandikwa.

Wengi hukimbilia ILIKE, ulinganishaji usiojali herufi kubwa na ndogo. Inafanya kazi, ila indeksi (faharasa ya kuharakisha utafutaji) ya kawaida haiisaidii, na jedwali likikua utaliona hilo. Tena ILIKE inatibu utafutaji tu, ilhali hatari kubwa iko upande wa kuandika: kizuizi chako cha UNIQUE sasa kinakubali JM-0412 na jm-0412 kama kadi mbili. Mkulima mmoja anakuwa wawili, kilo zake zinagawanyika, na siku ya malipo anapewa nusu ya haki yake. Weka `CREATE UNIQUE INDEX ON wakulima (lower(kadi));` kisha kila anayetafuta atumie `lower(kadi) = lower($1)`. Kabla ya kuiweka, watafute waliokwisha kurudiwa uwaunganishe kwa mkono, ukiwa na karani pembeni yako. Yeye ndiye anayewajua kwa sura.

Kosa moja dogo, na kila kilichofuata kimekataliwa

Hii nataka tukae nayo, kwa sababu ndiyo inayopoteza data ya watu.

Karani wa Paje amepima tangu asubuhi mtandao ukiwa umekatika. Jioni unarudi, simu inatuma mizani ya siku nzima kwa mkupuo. Programu yako inafungua muamala (kundi la amri zinazokubaliwa zote au kughairiwa zote), inazunguka, inaingiza rekodi moja moja. Ikikutana na iliyokwisha kuingia, inalidaka kosa na kuendelea na ya mbele. Kwenye MySQL mtindo huo unapita: amri iliyokosea inaanguka peke yake, muamala unaendelea.

Kwenye PostgreSQL kosa lolote ndani ya muamala linauharibu muamala mzima. Kuanzia hapo kila amri inajibiwa "current transaction is aborted, commands ignored until end of transaction block". Mtu anayeangalia mwisho wa logi ataona mamia ya mistari hiyo na kudhani seva imepata wazimu. Panda juu. Kosa la kweli ni moja, ni la kwanza, liko kabla ya mstari wa kwanza wa aina hiyo.

Kibaya zaidi kiko mwisho. Programu yako inafika kwenye COMMIT, amri ya kuuthibitisha muamala, na PostgreSQL hairushi kosa. Inajibu kwa neno ROLLBACK, yaani imeghairi yote, basi. Programu isiyosoma jibu hilo itamwonesha karani alama ya kijani, atafuta mizani kwenye simu, na mwani wa siku nzima hautakuwa popote. Lijaribu mwenyewe kwenye psql: andika `BEGIN;`, kisha `SELECT 1/0;`, kisha `COMMIT;`, uangalie kinachorudi.

Dawa inategemea unachotaka. Kama nia ni kuruka rekodi zilizokwisha kuingia, andika `INSERT ... ON CONFLICT DO NOTHING`, iliyopo tangu toleo la 9.5, hapo hakuna kosa linalotokea kabisa. Hiyo ndiyo inayochukua nafasi ya INSERT IGNORE ya MySQL, na ni salama kuliko hiyo, maana inanyamazia mgongano wa upekee peke yake, haifichi data mbovu. Kama kila rekodi inaweza kukosea kwa sababu yake, weka `SAVEPOINT` (alama ya kurudia) kabla yake na `ROLLBACK TO SAVEPOINT` ikianguka. Na kama rekodi hazihusiani, kila moja iwe na muamala wake.

Ukishaizoea tabia hii utaipenda, kwa sababu upande wake wa pili ni zawadi. CREATE TABLE na ALTER TABLE nazo zinaingia ndani ya muamala. Ukibadilisha majedwali manne na la nne likakataa, yote yanarudi yalivyokuwa. MySQL hufunga muamala kimyakimya kila unapogusa muundo wa jedwali, na ukikwama katikati unabaki na nusu.

"Duplicate key" kwenye jedwali lililohamishwa sasa hivi

Uliingiza data pamoja na namba zake za id, lakini sikwensi inayotoa namba mpya haikujua, iko bado kwenye 1. Angalia id kubwa kuliko zote, kisha `ALTER SEQUENCE wakulima_id_seq RESTART WITH 5001;` au namba yoyote inayofuata ya kwako. Fanya hivyo kwa kila jedwali. Mapengo kwenye id yasikutie wasiwasi, muamala ulioghairiwa haurudishi namba yake.

Saa na tarehe haziendani na ukweli

Chukua duka la Darajani mwezi wa Ramadhani, biashara inaendelea mpaka usiku mkubwa. Mauzo ya saa nane usiku yanaonekana kwenye ripoti ya jana. Seva iko UTC (saa za Greenwich), sisi tuko saa tatu mbele, kwa hiyo kila kilichouzwa baina ya saa sita na saa tisa usiku kwa seva bado ni jana.

Tumia aina ya `timestamptz` kwa kila tukio. Jina lake linapotosha kidogo: haihifadhi eneo la saa, inahifadhi wakati mmoja usio na utata, na kuuonesha kwa eneo la aliyeunganishwa. Ndiyo maana wewe na mwenzako mnaweza kusoma rekodi ile ile mkaona saa mbili tofauti; kila mmoja aandike `SHOW timezone;` na fumbo limeisha. Liweke kwa hifadhidata nzima: `ALTER DATABASE mwani SET timezone TO 'Africa/Dar_es_Salaam';`. Kwenye ripoti usitegemee mpangilio wa mtu yeyote, andika `(wakati AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date`. Na mwenye duka aulizwe siku yake inafungwa lini, maana wapo wanaotaka mauzo ya usiku wa manane yahesabiwe na ya jioni iliyotangulia. Hilo ni lake yeye kuamua, lisiamuliwe na UTC.

Kuna mtego mmoja hapa unaotuhusu sisi kuliko watu wengi duniani. Mtu anaandika `SET timezone TO 'UTC+3'`, akiamini ameweka saa zetu. PostgreSQL inausoma mtindo huo kwa kanuni ya POSIX, ambamo alama ya kujumlisha maana yake ni magharibi ya Greenwich. Umekwenda saa tatu nyuma badala ya saa tatu mbele. Tofauti yote ni saa sita. Sasa hesabu: mizani iliyopimwa saa nne asubuhi, yaani 10:00, skrini inaiandika 04:00. Karani anasoma "saa nne", anatikisa kichwa, anaendelea na kazi. Ya saa tisa alasiri inaandikwa 09:00, nayo inasomeka sawasawa. Kosa linajificha ndani ya hesabu yetu ya saa na linaweza kukaa miezi bila mtu kulalamika, mpaka ripoti za tarehe zianze kugombana. Ukikuta saa zako zinasomeka vizuri mno kwa Kiswahili, nenda kaangalie mpangilio huo kwanza. Tumia jina la mji, usitumie namba.

Tarehe za `0000-00-00` kutoka MySQL zitakataliwa wakati wa kuhamisha. Zifanye NULL, yaani pasipo thamani.

Orodha inabadilisha mpangilio yenyewe

Uliyemhariri sasa hivi amekimbilia mwisho wa orodha. InnoDB, injini ya kuhifadhia data ya MySQL, hupanga jedwali lenyewe kwa ufunguo mkuu, kwa hiyo ulizoea kuona mpangilio usiouomba. PostgreSQL huweka rekodi popote penye nafasi, na kila UPDATE huandika nakala mpya. Andika ORDER BY. Tena NULL huku huja mwisho kwenye mpangilio wa kupanda, kinyume cha MySQL. Ukizitaka mbele, `NULLS FIRST`.

Jedwali linanenepa, kasi inashuka wiki hadi wiki

Rekodi ni zile zile, lakini diski inajaa. Huku UPDATE haifuti ya zamani pale pale. Inaandika toleo jipya na kuliacha la zamani ndani ya jedwali lile lile, kwa sababu huenda kuna muamala mwengine bado unalisoma. InnoDB huyaweka matoleo ya zamani pembeni, kwenye undo, ndiyo maana hukuwahi kuyaona. Kazi ya kusafisha ni ya autovacuum, ambayo kwa kawaida huanza jedwali linapofikisha rekodi mfu 50 na juu yake asilimia 20 ya rekodi zote.

Pima kabla ya kutibu: `SELECT relname, n_live_tup, n_dead_tup, last_autovacuum FROM pg_stat_user_tables ORDER BY n_dead_tup DESC;`. Kama mfu ni wengi na autovacuum imepita karibuni, basi imepita na haikuruhusiwa kuwaondoa. Anayezuia ni muamala uliofunguliwa zamani na haujafungwa. Mtafute: `SELECT pid, usename, state, xact_start FROM pg_stat_activity ORDER BY xact_start;`. Ukikuta aliyeandikwa "idle in transaction" tangu asubuhi, huyo ndiye. Mara nyingi ni kompyuta ya mwenzetu aliyepiga BEGIN akaenda kuswali, kisha akaenda nyumbani, au ni programu inayofungua muamala halafu inasubiri jibu la huduma ya malipo ya simu. Mkate kwa `SELECT pg_terminate_backend(pid);` ukiweka namba yake, na weka `idle_in_transaction_session_timeout` ili isijirudie.

Jedwali kubwa linalohaririwa sana lipewe kiwango chake: `ALTER TABLE malipo SET (autovacuum_vacuum_scale_factor = 0.02);`. Kuzima autovacuum kwa sababu "inakula diski" ni kuahirisha deni lenye riba. Na VACUUM FULL, amri ya kuliandika jedwali zima upya, yakhe, usiipige siku ya mizani. Inalifunga jedwali hata kwa wanaosoma tu, na foleni ya kina mama wenye magunia itakusubiri wewe.

Kumfuta mkulima mmoja kunachukua muda mrefu

InnoDB huunda indeksi ya ufunguo wa kigeni (kolamu inayotaja rekodi ya jedwali jengine) yenyewe. PostgreSQL haiundi. Kila ukifuta mkulima, inapekua jedwali zima la mizani kuhakikisha hakutajwa. `CREATE INDEX CONCURRENTLY ON mizani (mkulima_id);` na tatizo limekwisha, bila kuwazuia wanaoandika.

"sorry, too many clients already"

Kazi ya mwani inafuata bamvua. Maji yanapotoka mbali kina mama wako baharini, na siku chache baadaye, mwani ukishakauka, vijiji vyote vinapima kwa wakati mmoja. Siku za maji mafu seva imelala, kwa hiyo majaribio yako ya siku hizo hayakuoneshi kitu.

PostgreSQL huanzisha mchakato kamili wa mfumo kwa kila muunganisho, pale ambapo MySQL hutumia uzi mwepesi. Kikomo cha kawaida ni 100, na 3 kati yake zimewekwa kwa msimamizi. Kukipandisha hadi 1000 hakutibu, kunahamishia tatizo kwenye kumbukumbu ya mashine. Weka PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho, mbele yake, miunganisho mia kadhaa ya programu ipokezane ishirini au thelathini ya kweli. Ukiitumia kwa mtindo wa muamala, amri za SET za kikao hazitadumu. Hamishia mipangilio hiyo kwenye ALTER ROLE au ALTER DATABASE.

Indeksi ipo, haitumiki

Baada ya kuingiza data nyingi piga `ANALYZE;`. Mpangaji, sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kutafuta, anaamua kwa takwimu, na za jedwali jipya hana. Kisha `EXPLAIN ANALYZE`, ulinganishe idadi aliyoikadiria na iliyotokea. Zikipishana mara mia, tafuta hapo.

Umeme umekatika, logi inatisha

Hapa tunajua umeme ukikatika unaweza kukatika kweli: Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na tena tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa hitilafu ya njia ya umeme kutoka Bara. Seva ikiwaka utasoma "database system was not properly shut down, automatic recovery in progress". Iache. Inasoma shajara yake ya WAL na kurudisha kila muamala uliothibitishwa. Itachukua sekunde au dakika kadhaa, na wakati huo itakataa miunganisho kwa kusema "the database system is starting up".

Madhara makubwa hufanywa na mtu katika dakika hizo: anaizima tena kwa nguvu, au anaona folda ya pg_wal imejaa na kuifuta akidhani ni logi za kawaida. Folda hiyo ndiyo data yako. Hakikisha pia `SHOW fsync;` inajibu on, yaani data inahakikishwa imefika diski. Ushauri wa kuizima "ili iende kasi" umeenea sana, na seva iliyozimiwa fsync ikikatikiwa umeme inaweza kurudi na majedwali yaliyoharibika yasiyotengenezeka.

Baada ya kusasisha, hifadhidata ni tupu

Haijapotea. Kwenye Debian na Ubuntu toleo kuu jipya husimama pembeni ya lile la zamani, kwa kawaida kwenye bandari (port) ya 5433, likiwa halina kitu. Piga `pg_lsclusters` utayaona yote mawili, kila moja na klasta yake, yaani seva na hifadhidata zake. Chukua nakala ya klasta ya zamani kwa `pg_dump` ya toleo jipya; hiyo husoma seva za zamani, ilhali ya zamani hukataa kusoma seva iliyo mpya kuliko yenyewe. Irejeshe kwenye klasta mpya, hesabu rekodi za kila jedwali pande zote mbili, piga ANALYZE, kisha ndipo ubadilishe bandari kwenye programu. Klasta ya zamani isifutwe mpaka bamvua moja ipite na malipo yake yalingane na vitabu vya makarani.